Insha Zinakwama Wapi? Soma Dalili Kabla ya Kubadilisha Njia ya Kufundisha

Rundo la madaftari likishafika mezani, wengi wetu tunasahihisha moja baada ya jingine na kumalizia kwa maneno yale yale: "Ongeza bidii", "Mtiririko hafifu", "Angalia sarufi". Mwanafunzi anaambiwa ana tatizo, lakini haambiwi limetoka wapi. Wiki inayofuata analeta insha ileile yenye kichwa kipya.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa Kiswahili, wa sekondari au wa madarasa ya juu ya msingi, ambaye ameshachoka kuandika maoni hayo. Ninaamini kwa dhati kwamba wanafunzi wengi tunaowaita wavivu wa kuandika wamefundishwa kwa njia moja tu, na kwamba njia hiyo haigusi shida waliyo nayo. Tunasoma mfano, tunauiga, tunasahihishiwa: hivyo ndivyo tulivyofundishwa sisi na hivyo ndivyo tunavyofundisha. Njia nyingine zipo. Ipo ya kuandika kwa hatua, yaani kupanga, kuandika rasimu, kuipitia na kuihariri. Ipo ya kuanza na aina ya andiko na kuuliza linaandikwa kwa ajili ya nani. Upo pia uandishi huru, na uandishi wa pamoja ubaoni. Hakuna iliyo bora kwa kila darasa. Kila moja ina mahali pake, na mahali penyewe huonekana ukichunguza dalili.

Kipimo cha kuanzia

Kabla ya yote, funga daftari la mwanafunzi, mwite mezani umwambie, "Hebu nisimulie." Dakika mbili zinatosha.

Akisimulia vizuri kuliko alivyoandika, mambo anayo. Kinachomkwamisha ni kalamu. Akisuasua hata kwa mdomo, hana mambo ya kusema juu ya mada ile, na kumfundisha aya na uakifishaji hakutamsaidia kitu kwa leo. Akisimulia kwa ufasaha pale unapomruhusu kuchanganya Sheng au lugha ya nyumbani, kisha akakwama ukimtaka Kiswahili pekee, kinachopungua ni msamiati.

Darasa la wanafunzi 60 huwezi kulimaliza kwa mtindo huu, wala hakuna haja. Chukua watano ambao insha zao zina kasoro inayofanana. Watakuonyesha wengine wanaumwa nini.

Dalili: robo saa imepita na ukurasa ni mtupu

Kwa macho, wanafunzi watatu walioinamia karatasi tupu wanafanana. Mmoja mada imemtupa mbali: ameambiwa aandike kuhusu safari ya ndege naye hajawahi kukaribia uwanja wa ndege. Wa pili ana mengi, ila kila sentensi anaifuta kichwani kwa kuogopa kosa. Wa tatu anatafuta sentensi ya kwanza iliyo nzuri, na haiji.

Wa kwanza mpe mazungumzo kabla ya kalamu. Dakika kumi za kuulizana wawiliwawili, kila mmoja akiandika maneno matano tu aliyoyasikia kwa mwenzake, humpa mahali pa kuanzia. Na mada iletwe karibu. Anayeweza kueleza foleni ya maji alfajiri au siku ya gulio, atakuja kueleza mengine baadaye.

Wa pili anahitaji uandishi huru: dakika tano bila kusimamisha kalamu, bila kufuta, na kwa ahadi kwamba mwalimu hatasahihisha. Ahadi hiyo lazima itimizwe. Ukichukua kalamu nyekundu hata mara moja juu ya karatasi hizo, zoezi limekufa na hutalifufua muhula huo.

Wa tatu mwambie aache mistari minne mitupu juu ya ukurasa, aanze na tukio la katikati, utangulizi utakuja mwishoni. Waandishi wazoefu hufanya hivyo kila siku, lakini mtoto hajui kama inaruhusiwa mpaka aambiwe.

Dalili: insha arobaini, mwanzo mmoja

Hii nataka tukae nayo, kwa sababu imeenea na kwa sababu sisi ndio tunaoipanda. Mada ni ajali. Mwanafunzi anaandika:

*"Ilikuwa siku ya Jumamosi. Nilirauka alfajiri na mapema, jogoo wa kwanza alipowika. Nilijitoma hamamuni nikakoga, kisha nikavalia nguo zangu zilizopigwa pasi zikapigika. Ndege walikuwa wakitumbuiza kwa nyimbo za kuvutia. Baada ya kupiga mafunda mawili matatu ya chai, nilishika njia…"*

Hakuna kosa la sarufi hapo. Tahajia ni safi. Lakini aya hiyo inafaa kwa ajali, kwa arusi, kwa mahafali na kwa wizi wa kuku. Mwandishi wake hajaingia bado kwenye insha yake, na akifika ajalini atakuwa amemaliza theluthi ya muda na nguvu.

Chanzo cha kwanza ni namna tunavyotumia mfano. Tunaleta insha moja nzuri, tunaisoma kwa sauti, tunapigia mstari "maneno matamu", kisha tunawaambia waandike kama ile. Darasa linachukua kilicho rahisi kuchukuliwa, yaani misemo. Chanzo cha pili ni alama. Mwanafunzi akiona tiki nyekundu pembeni ya kila tashbihi na kila methali, lakini hakuna tiki pale alipoeleza jambo kwa macho yake mwenyewe, amejifunza tunachokithamini.

Njia ya mfano isitupwe kwa sababu hiyo. Irekebishwe. Leta mianzo mitatu badala ya mmoja, ya mada moja: mmoja uanze kwa tendo, mmoja kwa mahali, mmoja kwa maneno ya mtu. Usiulize "maneno matamu ni yapi?" Uliza, "Baada ya sentensi ya kwanza, unajua nini? Unataka kujua nini?" Maswali hayo mawili humfanya mwanafunzi aone kazi ambayo mwanzo unaifanya, na kazi hiyo ndiyo ya kuigwa.

Kisha mpe zoezi la kitu kimoja. Aandike ajali ile kwa aya moja, lakini aanze na kitu kimoja alichokiona au anachoweza kukiona: kiatu, tairi, kikapu. Msaidie kwa maswali ya karibu. Ulisimama wapi? Upande wako wa kulia kulikuwa na nini? Sauti ya kwanza baada ya kishindo ilikuwa ipi? Mwanafunzi yuleyule wa "nilirauka alfajiri" anaweza kukuletea hivi:

*"Kishindo kilipokoma, machungwa yalikuwa bado yanabingirika barabarani. Moja likaja likagota kiatu changu. Hapo ndipo nilipomkumbuka mama aliyepanda gari lile muda si mrefu, akiwa na kikapu chake."*

Hakuna tashbihi hata moja hapo, na msomaji tayari ameshika roho mkononi. Isome mbele ya darasa. Weka tiki kwenye chungwa.

Misemo yenyewe haina hatia. "Kufumba na kufumbua" ni Kiswahili kizuri pale jambo linapotokea ghafla kweli. Usiwapige marufuku kuitumia. Mwanafunzi aliyekatazwa misemo yote hubaki na sentensi kavu na hofu juu yake. Mtake tu aeleze kwa nini ameuweka hapo. Akishindwa, ataufuta mwenyewe.

Dalili: insha ya methali inasimulia nusu ya methali

"Mchumia juani hulia kivulini." Insha inamweleza kijana aliyeamka usiku, akalima, akauza mboga, akajisomea kwa kibatari. Kurasa mbili za jua. Kivuli kinakuja kwenye sentensi ya mwisho: "Hatimaye alifanikiwa." Msahihishaji anatafuta pande zote mbili za methali, na upande mmoja haupo.

Mara nyingi tunadhani mwanafunzi hajui maana. Muulize uone, anaijua. Kilichokosekana ni mpango. Kabla ya kuandika, agawe ukurasa wa nyuma kwa mstari wa wima: kushoto kuchuma juani, kulia kula kivulini, na kila upande uwe na matukio mawili yanayoonekana. Kama upande wa kulia umebaki mtupu, asianze. Zoezi hili ni la dakika tano. Na hii ndiyo hatua ya kupanga ambayo kwenye andalio la somo tunaiandika kila mara, lakini darasani tunairuka.

Dalili: sura ya barua ni sahihi, barua yenyewe haina kitu

Anwani mbili zipo, tarehe ipo, kichwa cha barua kinachotaja jambo lenyewe, yaani MINT au KUH (kwa Tanzania YAH), kimepigiwa mstari chini. Halafu mwili wa barua: "Ningependa kuchukua fursa hii adhimu kukuandikia barua hii." Au kinyume chake, mwanafunzi anamwandikia mkuu wa shule kana kwamba anamwandikia binamu yake. Hotuba inasomeka kama insha ya maelezo, na kumbukumbu za mkutano zinasimuliwa kama hadithi.

Hapa chanzo ni kwamba tumefundisha sura ya andiko bila kufundisha hali inayolizaa. Mwanafunzi anajua anwani inakaa wapi, hajui kwa nini mtu anaandika barua ile badala ya kwenda ofisini kuzungumza.

Dawa niipendayo ni ile iliyokuzwa Sydney, Australia, katika miaka ya 1980 na wanaisimu akina Jim Martin na Joan Rothery, walipoona shuleni kwamba watoto waliandika simulizi nyingi lakini maandishi ya kutoa hoja na kueleza mambo yaliwashinda. Mzunguko wao una awamu tatu: kwanza darasa linachambua andiko la aina hiyo, linaandikiwa nani na kila sehemu inafanya nini, pili mwalimu na darasa wanaandika moja pamoja, tatu kila mwanafunzi anaandika lake. Kwetu awamu ya kwanza tunaifanya, ya tatu tunaifanya. Ile ya kati hatuifanyi, na ndiyo inayofundisha zaidi.

Ifanye ubaoni, kwa jambo la kweli. Tuseme mfereji mmoja wa shule umeharibika. Mwanafunzi anapendekeza, "Tunataka mfereji utengenezwe." Mwalimu haandiki bado. Anauliza, "Anayesoma ni nani?" Mwingine anasema, "Tunaomba mfereji ulio karibu na jikoni utengenezwe." Mwalimu: "Ana mambo mengi mezani. Kwa nini aanze na hili?" Nyuma ya darasa mtu anajibu kwamba foleni inawachelewesha. Sasa chaki inaandika: "Tunaomba mfereji ulio karibu na jikoni ukarabatiwe, kwa kuwa foleni ya mfereji uliobaki hutuchelewesha kipindi cha kwanza." Darasa zima limeona sentensi ikikua kutoka madai hadi ombi lenye sababu. Barua ikikamilika, ipelekwe kweli. Majibu yakija, yasomwe darasani.

Kumbukumbu zifundishwe vivyo hivyo: fanyeni mkutano mfupi wa darasa wenye ajenda mbili, kila mmoja aandike waliohudhuria, waliotuma udhuru na maazimio. Baada ya hapo hutahitaji kumkariria mtu vichwa vidogo.

Dalili: aya moja kuanzia juu hadi chini, "halafu… halafu… halafu"

Mwandishi wa namna hii kwa kawaida ana mambo mengi na kasi nzuri. Anachokosa ni kurudi nyuma. Rasimu ya kwanza kwake ndiyo ya mwisho, kwa sababu shuleni imekuwa hivyo tangu alipoanza kuandika.

Mwaka 1972 Donald Murray, mwandishi wa habari wa Marekani aliyegeuka mwalimu wa chuo kikuu, alitetea kwamba kinachopaswa kufundishwa ni kule kuandika kwenyewe, si andiko lililokwisha kukamilika pekee. Mwaka 1981 watafiti Linda Flower na John Hayes, waliowataka waandishi waseme mawazo yao kwa sauti huku wakiandika, walionyesha kwamba hatua zenyewe hazifuatani kwa mstari ulionyooka. Mwandishi hupanga, huandika, hurudi, hupanga upya. Nalitaja hili kwa sababu nimeona njia ya hatua ikifundishwa kama foleni: Jumatatu kupanga, Jumanne rasimu, na asiyemaliza kupanga haruhusiwi kuandika. Hilo linaua faida yake.

Kipindi kikiwa cha dakika 40, usilazimishe kila insha ipitie hatua zote. Chagua moja au mbili kwa muhula za kufanyiwa rasimu mbili kamili. Siku ya kupitia, kazi iwe moja: pembeni mwa kila kipande mwanafunzi aandike kwa maneno machache kinahusu nini. Akiona ameandika "safari + ugomvi", hapo pana aya mbili. Akishindwa kuandika chochote, kipande hicho kinaweza kuondoka na hakuna atakayekilia. Tahajia isiguswe siku hiyo. Ukiifungulia mlango, watahariri herufi na kuacha mawazo yalivyo.

Dalili: makosa yale yale, muhula hadi muhula

Daftari limejaa wekundu, na bado "kitabu yangu", "watu mingi", "ninarara". Kabla ya kulaumu uzembe, tenga makosa kwa chanzo chake. Mengine yanatoka kwenye sauti za lugha ya kwanza. Kigikuyu hakitofautishi *l* na *r*, kwa hiyo mwanafunzi anaandika anavyosikia. Wanaozungumza Kidholuo wengi husumbuliwa na *sh* na *s*, na Wakalenjin na jozi kama *p* na *b* au *k* na *g*. Mengine, kama "kitabu yangu", ni ngeli za mtaani, na mtoto anayazungumza hivyo tangu mapumziko hadi jioni. Machache sana ndiyo ya haraka na kutojali.

Kusahihisha kila kosa hakusaidii kundi lolote kati ya haya. Mwanafunzi anaona damu, anageuza ukurasa. Chagua kosa la aina moja kwa kila insha, lipigie mstari bila kuandika jibu, umwachie arekebishe mwenyewe. Nyuma ya daftari awe na orodha yake ya maneno yanayomsumbua, isiyozidi kumi kwa wakati mmoja. Neno likikaa sawa kwenye insha tatu mfululizo, linafutwa. Kwa *l* na *r*, imla fupi ya jozi kama "kula" na "kura" haitoshi. Mpe maneno ndani ya sentensi anazozitumia kweli.

Na usitafute njia ya hatua au ya aina ya andiko ikuponyee ngeli. Hapo panahitaji somo la sarufi, fupi na la wazi, kisha mazoezi.

Dalili: hodari wa darasa la saba anaandika mistari minne kidato cha kwanza

Hii ni ya walimu wa Tanzania, hasa wa Kiingereza na masomo mengine. Mtoto ametoka shule ya msingi ya serikali alikosoma kwa Kiswahili, na kidato cha kwanza anatakiwa kueleza kila kitu kwa Kiingereza. Ujuzi wa kutunga haukupotea njiani. Mwache azungumze na kupanga kwa Kiswahili, aandike hoja zake tatu kwa Kiswahili, kisha mpe vianzio vya sentensi za Kiingereza vya kuzibebea. Ila asiandike insha nzima kwa Kiswahili na kuitafsiri neno kwa neno. Atatumia muda mara mbili na kupata Kiingereza kisichosomeka.

Dalili: kwenye kikundi anaandika mmoja, wengine wanatazama

Kikundi ni kikubwa mno au kazi haijagawanywa. Wawe watatu, na kalamu ibadilishe mkono kila aya. Wakisomeana kazi, maoni ya "nzuri sana, ongeza bidii" yanatokana na kukosa swali. Wape mawili: ni wapi uliona jambo kama uko pale, na ni wapi ulipotea?

Dalili: darasani anaandika vizuri, mtihanini anaporomoka

Karatasi ya Insha ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, inampa mtahiniwa saa moja na dakika 45 kwa insha mbili, ya kwanza ikiwa ya lazima, kila moja ya alama 20 na isiyopungua maneno 400. Aliyezoea rasimu mbili kwa wiki nzima hupigwa na butwaa. Aliyezoea mfano pekee huanza kuandika dakika ya kwanza na kugundua kwenye ukurasa wa pili kwamba amelisoma swali vibaya.

Usiache njia ya hatua eti mtihani umekaribia. Ifupishe. Muhula wa mwisho mpe mazoezi ya kupanga bila kuandika: maswali sita, dakika tano kila moja, anatoa mpango tu na mwenzake anautafutia tundu. Kisha insha moja kwa dakika 50, ambamo dakika tano za kwanza ni za mpango na tano za mwisho ni za kupitia. Katika hizo tano za mwisho asisome kila kitu upya. Anayesumbuliwa na ngeli atafute vimilikishi pekee, anayesumbuliwa na *l* na *r* atafute herufi hizo, na mwenye aya ndefu mno atafute mahali pa kuikata.